Maneno Aliyoyameza Sauda

Saa nne asubuhi, mbele ya watu wapatao mia sita, Sauda Mkwizu alizungumza kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane.

"Hamjambo," alisema. "Naitwa Sauda, nasoma kidato cha sita, na leo sitaandika kitu."

Midomo yake haikufunguka. Sauti ilitoka kwenye mkanda mwembamba wa kijivu uliomzunguka shingoni, nayo ilikuwa sauti ya msichana hasa, si ile sauti ya bati ya maroboti ya kituo cha treni. Ukumbi wa Shule ya Sekondari Mawe Matatu ulilipuka kwa vigelegele. Nje, juu ya mashamba ya zabibu ya Dodoma, ndege-roboti za kupogoa ziliendelea na kazi, lakini siku hiyo hakuna aliyezitazama.

Aliyeuunda mkanda ule alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa. Tumsifu Urasa, msichana wa miaka kumi na minane, aliuita kinenaji. Mtu anapotaka kusema, ubongo hutuma amri kwenye misuli ya koo. Sauda alipoteza sauti akiwa na miaka tisa, baada ya homa kali kuharibu nyuzi za koo lake, lakini amri zile ziliendelea kutumwa kila siku, kama barua zinazopelekwa kwenye nyumba iliyohamwa. Kinenaji kilizidaka na kuzisoma kwa sauti. Kwa miezi mitatu, kila baada ya vipindi, Sauda alikaa maabara akirudia maneno kimoyomoyo, maelfu kwa maelfu, mpaka mashine ikamzoea.

Tatizo lilikuwa moja tu. Koo halitofautishi neno tunalotaka kulisema na neno tunaloliwaza kwa nguvu kisha tukalimeza. Ndiyo maana Mwalimu Lugendo, mwalimu wa fizikia aliyesimamia mradi, alitaka liwekwe lango: kinenaji kisitoe neno mpaka Sauda agusanishe kidole gumba na cha shahada.

"Mwenye maneno ndiye awe na ufunguo," alisema.

Lango lilifanya kazi, ila lilichelewesha kila sentensi kwa sekunde mbili, na maneno yakatoka kwa kukatikakatika. Mwaka uliopita majaji wa mashindano haya ya sayansi ya shule waliutupa mradi wa Mawe Matatu kwa sababu ulikuwa unasuasua. Mshindi wa mwaka huu angeingia moja kwa moja chuo cha uhandisi wa neva, na Tumsifu alikuwa amekiota chuo hicho tangu kidato cha kwanza. Asubuhi ile, kabla wageni hawajaketi, alifungua kompyuta akalizima lango. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba ni dakika kumi tu, tena majibu yote walikuwa wameyafanyia mazoezi.

Jaji mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, alimgeukia Sauda. "Binti, miaka yote hii, ni kitu gani umekikosa zaidi?"

"Kuimba," kilijibu kinenaji, kama walivyozoea mazoezini.

Watu wakacheka kwa furaha. Mstari wa mbele, mama yake Sauda, aliyefunga duka lake la vitambaa ili aje kushuhudia, alijifuta machozi kwa upindo wa khanga. Sauda akamtazama. Hapo kinenaji kikaendelea, kwa sauti ileile laini:

"Unalia nini, mama? Si wewe uliyesema kule hospitali, heri ningekufa kuliko kubaki bubu? Ulidhani nimelala."

Sauda aliukamata mkanda kwa mikono miwili, akashindwa kuufungua.

"Nilisikia," kilisema kinenaji. "Nyamaza. Nyamaza, mama anasikia, jamani nyamaza."

Tumsifu alipofika na kuuvua, mama mtu alikuwa amekwisha kutoka, akipapasa viti kama asiyeona njia.

Majaji walishauriana kwa muda mrefu. Waliporudi, jaji mkuu alikishika kipaza sauti. Alisema hajawahi kuona chombo kilichompa mtoto ujasiri wa kutoa alichokificha miaka minane. Mawe Matatu ikatangazwa ya kwanza. Katikati ya makofi, Mwalimu Lugendo alimwinamia Tumsifu.

"Lango lilikuwa linafanya kazi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa hiyo alitaka kusema mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha naye akaanza kupiga makofi.

Jumatatu Sauda alimfuata Tumsifu maabara na kibao chake cha kuandikia. Macho yalikuwa yamemvimba. Aliandika:

"Nisamehe, nimekuharibia siku yako. Najaribu kukumbuka vidole vyangu viligusana saa ngapi, sikumbuki. Lakini viligusana. Labda moyoni nilitaka kumuumiza. Mama hali chakula. Mimi ni mtoto wa namna gani?"

Tumsifu aliisoma mara mbili. Ukweli ulimjia mpaka kwenye ulimi, ukakwama. Pale ukutani kioo cha matangazo kilikuwa kinaonyesha picha yake akipokea ngao ya ushindi.

"Nimekusamehe," alisema.

Sauda akamkumbatia.

Kuanzia hapo usingizi ulimpaa Tumsifu na chakula kikawa mchanga mdomoni. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walimpisha njia kwa heshima, na kila aliyempongeza alikuwa kama anayemchoma mwiba. Siku ya Ijumaa, baada ya vipindi, alikwenda nyumbani kwa akina Sauda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mhandisi." Mama Sauda, aliyekaa kwenye kigoda, alikuwa amekonda kwa siku chache zile. Sauda alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele. Ungo ulikuwa kati yao, na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake.

Tumsifu hakukaa. "Mama, Sauda hakusema yale."

"Hakusema vipi? Yale maneno niliyatamka mimi kweli, mbele ya daktari. Nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini niliyatamka. Mashine ingeyajuaje?"

"Aliyawaza tu, mama. Kuna lango linalomlinda mtu asisemewe asichotaka. Mimi nililizima ili tushinde. Yeye hakujua. Mashine ilimpora."

Mama Sauda akamtazama binti yake. "Kwa hiyo mwanangu alikuwa ananisitiri."

"Ndiyo, mama."

"Miaka minane."

Akashuka taratibu kwenye mkeka, akaketi karibu na binti yake, bega kwa bega. Sauda alifuta mikono, akachukua kibao, akaandika polepole, kisha akamgeuzia Tumsifu.

"Nilikuomba radhi. Ukasema umenisamehe."

"Ndiyo," Tumsifu alijibu.

Sauda akaandika neno moja tu: "Nenda."

Tumsifu alimweleza mwalimu siku ileile. Lugendo alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kasi ile niliiona," alisema. "Nikakuuliza kwa namna ambayo ungejibu nilichotaka kusikia. Barua kwa majaji tutaiandika wote wawili."

Ngao ilirudishwa, nafasi ya chuo ikaenda kwa shule nyingine. Tumsifu alidhani mzigo ungepungua. Haukupungua. Darasani Sauda alihamia dawati la dirishani, na kinenaji hakukigusa tena.

Ilipita miezi miwili. Mchana mmoja, wanafunzi wakitoka, Tumsifu alimwona Mama Sauda langoni mwa shule amesimama mbele ya binti yake, akichezesha vidole kwa shida, ulimi ameubana kwenye meno kama mtoto anayejifunza kuandika. Alikuwa anajaribu lugha ya alama. Sauda aliijua tangu shule ya msingi, lakini nyumbani hapakuwa na wa kuzungumza naye. Mama alikosea, Sauda akacheka bila sauti, akaishika mikono yake na kuvikunjua vidole kimoja kimoja.

Tumsifu alisimama ng'ambo ya uwanja na begi lake. Kwa miezi mitatu alikuwa amepima kila mtikisiko wa koo lile, na hakuwahi kujifunza hata ishara ya neno maji.

Sauda aliinua macho, akamwona. Akamwashiria kwa kichwa, salamu ambayo mtu humpa mpita njia, kisha akairudia mikono ya mama yake.