Jaji Aliyekataa Pai

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla hata ya kahawa, Verla Tolman alivaa viatu vya mpira, akachukua beleshi na kwenda kukagua maji shambani. Maji yalitoka mlimani, yakapita shamba la jirani yake Dwight Aslett, kisha yakafika kwenye viazi vyake. Bonde zima la Tamarack, huko Idaho, liliishi kwa mfereji huo mmoja.

Asubuhi hiyo mfereji ulikuwa na chura mmoja tu, naye alionekana amekasirika.

Verla alifuata mfereji hadi kwenye lango la maji. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na kufuli jipya. Dwight alikuwa ameegemea uzio, anatafuna tango.

"Dwight! Viazi vimeshatoa maua. Visipopata maji sasa hivi, tumekwisha!"

"Mfereji unapita kwangu, Verla. Kinachopita kwangu ni changu."

"Hata barabara inapita kwako. Ifunge nayo tuone!"

Dwight aliendelea na tango lake. Verla na mumewe, Royce, wakaenda mahakamani.

Mahakama ya Tamarack ilikuwa na jaji mmoja tu, naye alijitoa kwenye kesi siku ileile. Majani ya ng'ombe wake yalimwagiliwa maji ya mfereji huohuo, na jaji haamui jambo lenye faida kwake mwenyewe. Ikatangazwa kwamba kesi itasikilizwa na jaji mstaafu kutoka upande wa pili wa jimbo, Bi Nedra Thurgood.

Royce alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Mstaafu! Mtu ameshakatiwa keki ya kuagwa, leo anarudi kuhukumu? Hukumu yake itafaa kufungia samaki. Nipe mkasi wa kukatia vyuma, nikaukate ule mnyororo mwenyewe."

"Ukate, Royce," alisema Ione Kettle. "Halafu utaletwa mbele ya huyo mstaafu ukiwa na pingu."

Ione alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa karani wa mahakama kwa muda mrefu, na bado aliongea kama mtu anayetaka watu wakae kimya ukumbini.

"Sikilizeni," alisema. "Jaji akistaafu, ujuzi wake haustaafu. Sheria ya jimbo inaruhusu aitwe tena kwa muda, pale jaji wa mahali anapougua, anapojitoa, au kesi zinapomzidi. Hajiiti mwenyewe. Wakuu wa mahakama ya juu ya jimbo ndio wanaompangia kazi kwa maandishi, naye lazima akubali."

"Na akishakubali?"

"Kwa kesi hiyo ni jaji kamili. Amri yake ina nguvu kama ya jaji yeyote. Kesi ikiisha, anarudi kwenye bustani yake. Royce, usipofika mahakamani, Dwight anaweza kushinda huku umekaa hapo unaokota kofia."

Royce aliokota kofia.

Sasa, katika bonde lile hakuna mgeni anayelala usiku wa kwanza bila kuletewa chakula na mtu. Verla aliposikia kwamba jaji amefika kwenye nyumba ya wageni, alioka pai ya cheri, akavaa gauni la kanisani, akaenda kubisha hodi.

Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi mwenye kofia ya kuvulia samaki.

"Karibu Tamarack, mama," alisema Verla. "Nimekuletea pai. Mimi ni Verla Tolman, yule wa..."

"Ishia hapo hapo, Bi Tolman." Bibi aliinua mkono. "Hiyo pai siwezi kuipokea. Nawe usiniambie neno jingine. Tutaonana mahakamani, na mpinzani wako akiwepo."

Mlango ukafungwa taratibu. Verla alibaki na pai mikononi, ingali moto kama kosa lenyewe.

"Umefanya nini?" Ione alishika kichwa Verla alipomsimulia. "Huongei na jaji peke yako wakati kesi inaendelea, wala humpelekei zawadi!"

"Nimeua viazi," alisema Verla, akaanza kulia. "Nimeviua kwa pai."

Siku ya kesi, mlango wa pembeni ulifunguliwa na watu wote wakasimama. Kofia ya samaki haikuwepo. Yule bibi mfupi alikuwa ndani ya joho jeusi, akaketi kwenye kiti cha juu.

"Kabla ya yote," alisema jaji, "Bi Tolman alikuja kwangu na pai. Sikuipokea, wala hatukuongea habari za kesi. Bwana Aslett, una pingamizi?"

Dwight alikohoa. "Hapana, Mheshimiwa."

"Vizuri. Maana kabla yake mke wako aliacha samaki wa moshi mlangoni kwangu, pamoja na kadi. Nilimrudishia. Bi Tolman, wewe je?"

Verla alitikisa kichwa. Watu walicheka, na jaji akawaacha wacheke kidogo.

"Lakini Mheshimiwa," alisema Dwight, "si umeshastaafu?"

Jaji hakukasirika. Alisoma kwa sauti amri iliyompangia kazi ile. "Kwa kesi hii, Bwana Aslett, mimi ndiye mahakama. Sasa twendeni tukaone mfereji. Pande zote mbili pamoja."

Wakaenda wote. Jaji alivaa viatu vya mpira, akapita kwenye tope bila kushikwa mkono, akauliza kila kitu. Mwishoni akasimama kwenye kufuli.

"Bwana Aslett, maji yako yanapita wapi kabla ya kufika hapa?"

"Kwa jirani wa juu."

"Naye akifunga?"

Dwight aliinua macho kuelekea mlimani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na tango la kujifichia.

Waliporudi ukumbini, jaji aliamuru kwamba fungu la maji la akina Tolman lipite, na lango lisifungwe tena. Aliongea polepole, bila kupandisha sauti. Dwight mwenyewe alikwenda kufungua kufuli, na Royce alisimama kando, kofia mkononi.

Jioni maji yaliingia shambani, mtaro baada ya mtaro, yakimeta chini ya maua meupe ya viazi. Verla aliyatazama akiwa ameegemea beleshi. Bibi mmoja, karatasi moja, na mlima mzima umetii.

Asubuhi alimkuta Bi Thurgood akipakia fimbo za kuvulia samaki kwenye gari.

"Kesi imekwisha, Mheshimiwa. Nimeoka nyingine."

"Muda wa kukata rufaa haujaisha," alisema bibi, akiitazama ile pai kwa huzuni ya kweli. "Mpelekee mtu unayetumia naye mfereji mmoja."

Verla aliufuata mfereji hadi kwa Dwight, pai mkononi, akabisha hodi.