Kibati cha Mnara wa Tisa

Mdogo wangu hana kaburi. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba sisimulii haya kwa kutafuta sifa. Kila asubuhi nikimaliza sala namwomba Mungu anisamehe jambo moja, na jambo lenyewe ndilo hili.

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Mama alitujazia chai kwenye chupa, akatufungia mkate, akamkumbusha mdogo wangu avae soksi nzito. Naye akamjibu kwamba mtu wa miaka thelathini na minne anajua miguu yake iko wapi. Nyumbani tulimwita Jicho, maana tangu utotoni hakuridhika na kitu mpaka akitazame mara mbili. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za baharini: meli zilizotia nanga zikisubiri zamu, mawimbi yakivunjika miambani, na miaka ile ya mwisho, minara ya kufua umeme wa upepo iliyosimikwa mbali na nchi kavu. Mimi ndiye niliyemwendeshea boti. Aliniita Nahodha wa Beseni. Nami nilimwambia kwamba beseni hilo hilo ndilo linalomlisha.

Kampuni yenye minara ilitaka picha za minara yote kumi na miwili, nje na ndani. Ndani ya kila mnara kuna ngazi ya kuzunguka mpaka juu, na nje, kando ya mlango, pana ubao wa misumari. Anayeingia hutundika kibati chake cha chuma, kimeandikwa namba na kazi yake. Akitoka, hukichukua. Kule kuna sheria moja ambayo hata mpika chai anaijua: kibati cha mtu hakitolewi na mwingine. Kikiwa msumarini, mwenyewe yumo ndani. Mlango haufungwi, mtambo hauwashwi.

Mnara wa tisa ulikuwa umesimama miaka sita, mapanga yake hayazunguki. Tuliwahi kuuliza sababu. Tukaambiwa ni hitilafu, na aliyetujibu akageukia mambo mengine.

Tulifika saa nne asubuhi. Jua lilikuwa jema, maji yametulia kama yaliyo mtungini. Jicho alipanda ngazi ya nje akiwa na kamera kifuani, akafika kwenye jukwaa la mlangoni, akatundika kibati chake. Kisha akasimama akiutazama ubao. Aliniambia kwa sauti ya kazi kwamba pana kibati kingine pale, cha fundi, kimeota kutu mpaka kimechora mstari mwekundu ubaoni, na picha nzima inaharibika. Nilimwambia akiache. Akasema ni dakika ishirini tu, akishuka atakirudisha.

"Kaka, nishikie hiki."

Akakirusha. Nikakidaka, nikakitia mfuko wa koti. Kilikuwa baridi, na jua lote lile.

Hapo boti ikazama kidogo upande wa nyuma, kama inavyozama mtu anapopanda. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na wimbi pia.

Kwa nusu saa alinisemesha kwenye redio ya mkononi. Alisema humo ndani pananuka kama sufuria lililosahaulika, kwamba kule juu ameziona meli saba zimepangana kama shanga, na kwamba siku moja ataninunulia boti yenye choo. Nilicheka. Kisha akasema anashuka.

Nikamimina chai. Nikainywa. Ikaisha.

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema bado anashuka, ngazi leo zimekuwa nyingi. Alisema kwa mzaha, lakini nilisikia anahema. Nikasubiri. Nikamuuliza tena.

"Kaka," akasema polepole, "mlango uko wapi?"

Nilikuwa nautazama. Ulikuwa wazi. Jua lilikuwa linaingia ndani. Nikamwambia uko wazi, nauona kwa macho yangu. Halafu akasema yeye haoni mwanga wowote, anaona ngazi zinazoshuka, na chini yake ngazi nyingine. Alikuwa ameshuka mara tatu ya alivyopanda.

Nikaifunga boti. Nikapanda.

Nyuma ya mlango palikuwa na chumba cha duara, si kikubwa kuliko jiko la mama. Ngazi ya kwanza ilianzia pale pale. Juu yake ilikaa kamera, imewekwa vizuri, kama na mtu aliyetaka kupumzisha mikono. Mdogo wangu hakuwapo. Lakini juu ya kichwa changu nilisikia viatu. Vinashuka. Vinashuka. Havifiki.

Nikaichukua kamera, nikatoka nayo mpaka kwenye ubao. Kibati chake kilikuwa kinang'aa peke yake. Nikakishika. Niliwaza kwamba kikitoka msumarini, naye atatoka. Sijui nilijuaje.

Redio ikanong'ona.

"Kaka. Umekigusa changu?"

"Nimekishika."

"Cha fundi unacho?"

Nikaingiza mkono mfukoni. Nikatafuta mfuko wa pili. Nikarudia wa kwanza. Nilimwambia hakipo.

Viatu vilisimama.

"Basi ameshatoka," akasema. "Ameandika ukutani humu. Neno moja tu, kila ngazi. Kitoeni. Kitoeni. Nimekitoa mimi, na mimi ndiye niliyebaki. Ukikitoa changu, utabaki wewe."

Nikamwambia siwezi kumwacha.

"Una watoto, kaka. Mpelekee mama kamera. Ondoa mkono."

Jamani, niliondoa mkono. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mungu alikuwa ananitazama, nami nikafungua vidole kimoja kimoja. Redio ikakoroma, ikanyamaza.

Walikuja watu wa kampuni, wakaja na wapiga mbizi. Walitafuta siku tatu, wakapanda ngazi zile mpaka juu na kushuka bila tabu yoyote. Wakaandika kwamba alianguka baharini. Kibati chake hawakukigusa, kwa sababu ya sheria. Mlango uko wazi mpaka leo, na hakuna boti inayokubali kunipeleka. Yangu niliiuza. Mke wangu akifikiri nimelala humshukuru Mungu kwamba nilirudi.

Kamera ilikaa siku arobaini kwenye kabati la mama kabla hajapata nguvu ya kuifungua. Tuliketi mezani, yeye na mimi, mchana. Tuliona minara. Tuliona meli saba. Tuliona ubao, safi, kibati kimoja. Picha ya mwisho ilipigwa kutoka juu ya mnara kwenda chini. Mimi niko kwenye boti, nimeshika kikombe cha chai, natazama juu. Nyuma yangu, kwenye kiti cha abiria, ameketi mwanamume mwenye kofia ya kazi. Mgongo wake umenyooka kama wa mtu anayesubiri kupelekwa nyumbani. Hatazami kamera. Ananitazama mimi.

Mama hakulia. Aliifuta miwani yake kwa kanga, akaivaa, akatazama tena.

"Mwanangu," akasema, "siku ile ulirudi na nani?"

Nilikumbuka tu kwamba jioni ile niliingia nyumba hii hii, nikauacha mlango wazi nyuma yangu kwa sababu sikuweza kugeuka kuufunga.

Tukasali pamoja. Mama aliomba kwa ajili ya Jicho, na alipomaliza akamwombea na yule fundi, kwamba naye alikuwa na mama. Kisha nikainuka niende zangu.

Kando ya mlango wa mama kuna msumari. Jicho aliupigilia mwenyewe, wa kutundikia mkoba wa kamera, na tangu afe ulikuwa mtupu. Asubuhi nilipoingia ulikuwa mtupu. Niliugusa kwa kidole, kama ninavyofanya kila siku.

Sasa kilining'inia kibati chenye kutu. Ukutani, chini yake, mstari mwekundu ulikuwa umeshaanza kushuka.

Mama alikiona. Akanishika mkono kabla haujafika.

Hatujakigusa. Mama amekataa kuhama, nami nimehamia kwake. Mlango hatuufungi.