Kikombe Ambacho Kossuth Hakukinywea

Kila asubuhi Piroska alimchemshia babu yake maziwa na kumtilia katika kikombe cheupe ambacho mkono wake uliwahi kuvunjika ukagundishwa. Babu Ambrus hakutaka kingine. Kilikuwa cha marehemu mkewe.

Ilipokaribia sikukuu ya Machi Kumi na Tano, Wahungaria wanapoyakumbuka mapinduzi ya mwaka 1848 ya akina Kossuth Lajos, darasa la sita alimosoma Piroska liliambiwa lilete vitu vya kale vya maonyesho. Gergő alileta upanga wenye kutu, akamchokoza Piroska.

"Na nyinyi kwenu mna nini? Mtego wa panya?"

"Tuna kikombe alichonywea Kossuth Lajos!" Piroska alifyatuka. "Alipita kwetu akikusanya askari!"

Neno likishatoka halirudi. Mwalimu Etelka aliposikia alifurahi kupita kiasi, na kesho yake Piroska akakichukua kikombe kimyakimya, akakipeleka shuleni.

Babu alikitafuta kabatini, chini ya kitanda, hata bandani kwa kuku.

"Labda nimekivunja nikasahau," alisema kwa sauti ndogo. "Uzee huu, mjukuu wangu! Hata kitu cha bibi yako kimenishinda kutunza."

Piroska aliurudisha mkate wake mezani. Alitaka kusema, lakini aliona haya.

Siku ya sikukuu wazazi walifurika shuleni, kila mmoja na utepe wa rangi za bendera kifuani, nyekundu, nyeupe na kijani. Babu naye alikuja, kofia mkononi. Alipoanza kuisogelea meza ya maonyesho, Piroska hakuweza kuvumilia tena.

"Mwalimu, nilidanganya!" alilia mbele ya wote. "Kossuth hakukigusa. Ni kikombe cha bibi, nimemwibia babu!"

"Bora ungeleta mtego wa panya!" Gergő alicheka, lakini hakuna aliyemuunga mkono.

Babu alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Kumbe sikukivunja," alinong'ona. Machozi yalimtoka, akamvuta mjukuu wake kifuani.

"Nisamehe, babu."

"Nilishakusamehe. Ila usiniache tena nijilaumu bure, mwanangu. Iliniuma sana."

Mwalimu Etelka aliichana kadi iliyokuwa mezani ikisema kwamba Kossuth alikinywea kikombe hicho, kisha akawageukia wanafunzi.

"Watoto, Kossuth alifungwa gerezani kwa sababu aliwaandikia watu yaliyosemwa mabarazani, wakubwa wakitaka yafichwe. Mtu aliyelala jela kwa ajili ya ukweli tusimsingizie hata funda moja la maziwa. Leo aliyemheshimu kuliko sote ni Piroska, tangu pale alipofungua kinywa kukiri."