Pembe Tupu ya Mahrokh

Kila jioni ya kiangazi, baada ya kuosha vikombe vya chai, Mahrokh alinyata na birika la maji hadi pembe ya shamba lao la zafarani. Ardhi ilikuwa kavu, haina hata jani. Chini yake vitunguu vya zafarani, vinavyochipua maua, vilikuwa vimelala, na bibi yake, Bibi Sanam, alikuwa ameonya visiguswe na tone la maji mpaka vuli.

Lakini baba yake, aliyefanya kazi bandarini, mbali kusini, alikuwa amesema kwenye simu, "Mwanangu, maua yakitoka tu, nipo hapo." Mahrokh alimkumbuka mno, basi akaona ayaharakishe.

Vuli ilipofika, zamu yao ya maji ya mfereji ikaja, wakanywesha shamba zima. Alfajiri moja maua ya zambarau yakachomoza kwenye udongo mtupu, kabla ya majani, kama ilivyo ada yake. Pembe moja tu haikutoa kitu.

"Panya hao!" Bibi akafoka. "Leo nawatilia sumu!"

Mahrokh akaweka kikapu chini. "Bibi, si panya. Ni mimi. Pembe hii niliimwagilia maji kiangazi chote."

Bibi akafukua. Kitunguu kikatoka laini, kimeoza.

"Kwa nini, we mtoto?"

"Nilitaka maua yawahi, Baba arudi." Akaangua kilio.

Bibi akaketi palepale chini. "Na mimi je? Huyo si mwanangu? Miezi minane! Kila siku najizuia nisimpigie simu nikamdanganya kwamba naumwa." Akajifuta macho kwa ushungi. "Haya, tuchume, jua lisije likayanyausha."

Adhuhuri, walipokuwa mkekani wakichambua nyuzi nyekundu za zafarani kutoka kwenye maua, baba, aliyeujua msimu na kuanza safari siku mbili kabla, akabisha hodi. Mahrokh alimrukia shingoni. Kabla hajaulizwa, akamwambia habari ya pembe ile.

"Ua la zafarani huumbika ndani ya kitunguu wakati kimelala," Bibi akasema. "Ukikiamsha kwa pupa, unaliua ua lenyewe unalolitamani. Ila umesema kweli bila kushurutishwa, na hilo limenifurahisha. Kiangazi kijacho tutapanda upya pembe hiyo, wewe na mimi."

Mahrokh alijua kwamba maua yangekwisha baada ya wiki mbili tu, na baba angeondoka tena. Akamshika mkono kwa nguvu.

"Na mimi nikiwa mbali, utafanya nini?" baba akauliza.

"Nitangoja," akajibu. "Pamoja na Bibi."