Harufu ya Mdomo wa Mutahi

Jirani zangu, sogezeni viti. Ninyi mnaopenda kunusanusa mambo ya nyumba za watu, leo nimewaletea hadithi ya pua.

Jioni moja ya Julai, nyumbani kwa Mutahi pale Kiganjo palikuwa pazuri. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa, moto wa kuni unawaka jikoni, na Wacera, mkewe, anaponda mukimo wa viazi, mahindi na majani ya malenge. Binti yao Tabby alikuwa akimsomesha mdogo wake kwa ukali wa mwalimu mkuu. Mutahi mwenyewe aliketi karibu na moto akinyoosha goti lake bovu. Mpita njia angesema, hii nyumba imebarikiwa.

Na kweli ilibarikiwa, ila kwa jasho. Mutahi aliwahi kuwa mlevi, tena si wa kujificha. Zile pombe za vichochoroni zinazotumalizia vijana, yeye alizijua zote kwa majina yao ya utani. Alipoamua kuacha, mikono ikimtetemeka hata kijiko hakifiki mdomoni, Wacera alimlisha kama mtoto: uji asubuhi, githeri ya mahindi na maharagwe mchana, mukimo jioni, mpaka mashavu yakarudi. Siku aliposimama kanisani kusema ameacha, Wacera alimwambia wakiwa njiani kurudi, kwa upole kabisa, "Baba Tabby, nikisikia hiyo harufu tena sitapiga kelele. Nitachukua watoto niende kwetu Kianyaga." Mutahi alijua mkewe hasemi jambo mara mbili.

Sasa jioni hiyo sahani ilipowekwa mbele yake, aliisukuma kidogo.

"Niko sawa. Nilikula huko Nanyuki."

"Ati ulikula? Na hii nimepika ni ya ng'ombe?"

"Ng'ombe hawali mukimo, Mama Tabby."

"Hao wetu leo watakula."

Watoto wakacheka, naye akacheka. Lakini sahani iliondolewa mbele yake imejaa, na kesho yake ikaondolewa tena hivyo hivyo. Kisha asubuhi moja Mutahi akainama kumsaidia kuepua sufuria, na pumzi yake ikampiga Wacera usoni. Ilikuwa tamu na kali kwa pamoja, kama ndizi zilizoiva zikapitiliza, halafu zikanyunyiziwa ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Moyo wa Wacera ukashuka hadi kwenye kandambili.

Tangu hapo macho yake hayakulala. Mlevi hali nyumbani, na Mutahi hali. Mlevi hukonda, na mshipi wa Mutahi ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Mlevi hutafuna chingamu ili kuua harufu, na Mutahi siku hizi alitafuna kutwa kama mbuzi, tena akiongea na mkewe huku ametazama ukutani. Ninyi mngesema nini? Msinidanganye. Mngesema ulichosema moyo wa Wacera.

"Baba Tabby, fungua mdomo," Wacera alimwambia mumewe aliyekuwa akivaa buti za kwenda kazini.

Kazi ya Mutahi ni kununua na kuuza ng'ombe, na dalali wa ng'ombe kwanza huwatazama meno. "Kwani mimi ni ng'ombe wa mnada?"

"Ng'ombe za watu unafungua mdomo kila siku ya soko. Leo ni zamu yako."

Mutahi alicheka, lakini alifunika mdomo kwa kiganja na kutoka nje. Kiganja kile ndicho kilichomponza.

Wacera alipakia nguo za watoto kwenye mfuko. Alipofika kwenye sweta ya shule ya Tabby, mikono ikakataa. Akajiambia mtu hahukumiwi kwa pua pekee. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye angemwamini kuhusu pombe: Abdinasir, mshirika wa Mutahi katika biashara ya mifugo kule Nanyuki, Mwislamu ambaye tangu azaliwe hajaionja. Wacera akaacha mfuko kitandani, akaenda Nanyuki.

Aliwakuta wote wawili kwenye hoteli iliyo karibu na soko la mifugo. Mbele ya Mutahi palikuwa na sinia la nyama ya mbuzi yenye mafuta na chai ya rangi. Hapakuwa na ugali wala chapati.

"Shemeji, karibu. Kaa," alisema Abdinasir akivuta kiti.

"Sikai. Abdinasir, wewe ni mtu wa dini. Niambie, huyu anakunywa wapi?"

Abdinasir alianza kucheka, kisha akaona Wacera hacheki, akaacha. "Pombe? Huyu? Shemeji, huyu hata soda anaikimbia. Sukari kwa chai hataki. Ukimwekea chapati anaiangalia kama nyoka." Akamgeukia Mutahi. "Kwani hujamwambia?"

Mutahi alitazama mifupa kwenye sinia. "Nilienda kupimwa hili goti," alisema polepole. "Wakaniambia presha imepanda, nipunguze uzito. Unajua baba yangu kiharusi kilimwangusha akiwa na umri huu wangu. Nikaona kwa simu watu wanasema uache wanga wote, ule nyama na mafuta tu, utakonda haraka. Nikaanza. Mdomo ukaanza kunuka, hata mimi nikausikia. Nikaogopa."

"Uliogopa kuniambia mimi?"

"Mama Tabby, mimi niliacha pombe kwa chakula chako. Sasa nikuambie aje ati hicho chakula nimekikataa?"

Wacera akakaa. Akavuta ncha ya leso yake akapangusa macho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimeacha nguo za watoto zimepakiwa kitandani."

Mutahi aliweka mkono wake mezani, na mkewe akaweka wake juu. Watu wa hoteli wakajifanya wanatazama televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa.

"Hiyo harufu sisi tunaijua," alisema Abdinasir. "Ramadhani ikifika midomo yetu hubadilika, na hakuna mtu anamshuku mwenzake. Lakini shemeji, mpelekeni apimwe sukari. Mamangu alianza na mdomo kunuka hivi. Tukasema ni njaa ya saumu. Alipoanza kutapika na kuhema tukakimbia hospitali, na ilikuwa bado kidogo tu tumpoteze."

Kesho yake waliingia kliniki mjini Nyeri pamoja. Daktari, mama mmoja mcheshi aitwaye Wakonyo, alipima sukari akaikuta sawa, akapima presha akakunja uso kidogo. Kisha akawaeleza kwamba mwili usipopata wanga huchoma mafuta yake wenyewe, na katika kuchoma huko hutoka kitu kama moshi, ambacho sehemu yake hupitia kwenye pumzi na mkojo.

"Kwa wengi harufu hupungua wiki zikipita," alisema. "Kunywa maji ya kutosha. Piga mswaki mpaka kwenye ulimi. Punguza hiyo milima ya nyama, ongeza mboga. Unatafuna nini hapo?"

"Chingamu," Mutahi alijibu, akiificha chini ya ulimi.

"Yenye sukari? Mzee, umefukuza viazi mlangoni, ukaingiza sukari dirishani."

Wacera alicheka mpaka akashika meza. Daktari akamwambia Mutahi kwamba, kwa presha yake, hakuhitaji kukata wanga wote. Kipande cha nduma, yaani gimbi, au kiazi kitamu, maharagwe na mboga nyingi vingemfaa, mradi wapime kiasi na warudi kuangaliwa.

Siku hizi Wacera hupika sukuma wiki, mboga ya managu na mayai, na kuweka kando ya sahani ya mumewe kipande cha nduma kisichozidi kiganja. Asubuhi moja Mutahi alimsogelea jikoni, kiganja kikiwa bado karibu na mdomo.

"Hebu nusa. Bado?"

"Bado kidogo."

"Kama pombe?"

"Kama bwanangu anayepungua," Wacera akasema, akamwondolea kiganja mdomoni.

MAFUNZO

Ndugu zangu, ukibadilisha chakula chako, mwambie anayekupikia. Si aibu mwanamume kupunguza tumbo. Aibu ni kuficha mpaka mkeo apakie nguo za watoto. Usifuate lishe ya kwenye simu kabla hujapimwa, hasa ukiwa na presha, au ukitumia dawa za sukari. Mdomo ukinuka kwa sababu ya kuacha wanga, maji, mswaki na subira husaidia. Lakini pumzi ikinuka tamu na mtu anatapika, ana kiu isiyoisha au anahema kwa nguvu, msikae kujadili. Mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe uliyeteswa na ulevi nyumbani kwako, una haki ya kuogopa harufu. Uliza kwanza. Naye aliyeulizwa aondoe kiganja mdomoni, ajibu.