Subiri Kwanza, Baba

Wewe ulitazama pembeni. Usijitetee. Dubu mweupe wa kwenye barafu unamjua, unajua anavyomfundisha mtoto wake kuogelea, na siku aliyokosa mawindo ulifuta machozi hapo kwenye kochi lako. Pengwini unawajua mpaka mwendo wao. Lakini ukitajiwa Sumbawanga unacheka, unauliza habari za wachawi, halafu unabadilisha stesheni. Mbega wekundu wa msitu wa Mbizi wanaruka juu ya mji wetu tangu babu yako hajazaliwa, na hujawahi kuwapa hata dakika moja ya macho yako. Sasa kaa. Hadithi hii ni ya mapenzi, utaipenda, na kosa lililomo ndani yake ni lako lilelile.

Ilianzia sokoni, Jumamosi, kwenye kibanda cha Isdori, fundi wa redio na ving'amuzi. Baridi ya Ufipa ilikuwa imeshuka na watu wamevaa masweta juu ya kanga. Harufu ya dagaa wa Tanganyika ilipambana na harufu ya mandazi, na wapagazi walikuwa wakipiga kelele za kuomba njia. Ghafla njia ikaziba. Juu ya mlango wa Isdori palikuwa na televisheni, na kwenye televisheni simba walikuwa wanamzunguka nyati. Mwenye gunia la maharage alisimama nalo begani. Mwenye kuku alisimama na kuku wake wakining'inia. Hakuna sinema inayoweza kunyamazisha soko kama filamu ya wanyama.

"Sasa mfalme anakula kwanza," ilisema sauti nzito ya msimulizi, "kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wa mawindo."

"Subiri kwanza, baba," alisema mwanamke aliyesimama mbele, king'amuzi kibovu kwapani. "Waliowinda ni majike. Tumewaona wote hapa. Huyo bwana alikuwa amelala."

Wapagazi walicheka. Nyuma yao akacheka na kijana mrefu, koti lake lina mifuko kila mahali, buti zimejaa vumbi jekundu la bondeni.

"Dada, unajibizana na televisheni?"

"Yenyewe ndiyo iliyoanza," alijibu bila kugeuka.

Alipogeuka, kijana akasahau alichokuja kununua. Alikuwa Evodia, mwenye saluni karibu na stendi, gauni la kitenge cha rangi ya haradali, sweta jeusi lililopanda mpaka kidevuni, nywele zimesukwa mistari iliyonyooka kama imepigwa rula. Wanawake walikuja kwake kwa ajili ya mkono wake mwepesi, na walivumilia televisheni yake. Tamthilia za wivu hakuziweka. Aliweka nyangumi, majangwa, treni zinazopanda milima ya theluji, na aligombana na wasimulizi wote kuanzia asubuhi. Alipokuwa mdogo, padri mmoja aliwahi kuleta jenereta parokiani akawaonyesha bahari kwenye shuka jeupe. Watoto wengine waliogopa papa. Evodia alilia filamu ilipokwisha. Tangu siku hiyo aliamini kwamba mtu anayebeba kamera mpaka mwisho wa dunia ili wengine waone, huyo amefanya kazi ya heshima kuliko waziri.

"Na wewe umebeba nini humo?" alimuuliza kijana, akiangalia begi lake. "Mbuzi?"

"Kamera."

"Ya harusi?"

"Ya hao." Alinyoosha kidole kwa simba.

Evodia alinyamaza. Isdori fundi aliinua kichwa kutoka kwenye waya zake, kwa sababu kitu hicho hakijawahi kutokea kibandani pake.

Kijana aliitwa Sayi. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao mpaka Kaoze, kule chini bonde la Rukwa. Alijifunza kamera kwa kumbebea mizigo mpiga filamu mmoja, akaja kupata kazi kwenye kampuni ndogo ya Dar es Salaam. Safari hii walimtuma apige filamu ya Ufipa, na mbega hajawapata.

"Huwezi kuwapata," Evodia alimwambia kwenye simu jioni ileile. "Unapanda Mbizi kama unaswaga ng'ombe. Wanakusikia kabla hujafunga kamba za buti."

"Basi nipeleke wewe, mama."

"Mama yako yuko Kaoze. Mimi niite Evodia."

"Evodia nipeleke."

"Jumatatu. Saluni nafunga. Na hilo koti la mifuko uvue, unalia mchakacho kama mfuko wa mandazi."

Walipanda ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti. Evodia alikijua kijia tangu siku alizokwenda na bibi yake kuokota uyoga. Walikaa chini ya mti, bega kwa bega, hawazungumzi. Kisha tawi likatikisika, na lingine, na msitu mzima ukawa unatembea juu yao: migongo ya kijivu, vichwa vya rangi ya kutu, mama mmoja, kichanga kimemng'ang'ania tumboni, akiruka pengo ambalo mtu mwenye akili asingelijaribu. Alielea hewani, mikono wazi, mkia nyuma yake umenyooka. Alipotua, Evodia ndiye aliyepumua.

Sayi alikuwa ameacha kutazama mbega. Anamtazama yeye.

"Kamera iko kule," Evodia alinong'ona.

"Kamera inajua kazi yake."

"Wewe Nyanda, wewe." Neno hilo, kijana kwa Kisukuma, alikuwa amejifunza kwa Sayi mwenyewe, na tangu siku hiyo akawa anamwita hivyo.

Wiki zilizofuata walizunguka pamoja. Kalambo waliona maji yanavyojirusha gengeni na korongo wakubwa wakizunguka chini yao, ndege akitazamwa mgongo. Bondeni Sayi alimwonyesha ziwa Rukwa alfajiri, maji ya rangi ya maziwa. Kila walipokaa kupumzika alimwekea kinasa sauti mbele yake na kumwonyesha picha alizopiga, akimwomba aseme chochote. Evodia alisema, kwa sababu kunyamaza mbele ya picha hakuweza.

"Sauti hii," Sayi alimwambia, "itasikika nchi nzima. Nakuahidi."

"Kama ya msimulizi wa kweli?"

"Kama ya msimulizi wa kweli, mpenzi."

Hiyo ahadi ndiyo Evodia aliyoilalia na kuamkia. Hakuwahi kusikia mwanamke wa Ufipa akisimulia filamu ya namna hiyo. Waliokuja hapa na kamera tangu zamani walipiga picha, wakaondoka, wakatuambia sisi ni nani.

Siku ya mwisho walikwenda kijiji cha Pito kwa mama yake Evodia, Mama Albina. Mama hakuwa na imani sana na mgeni. "Hao watu wana ng'ombe," alimwambia binti yake jikoni. "Ng'ombe hawajui shamba la nani." Lakini Sayi alipoamkia shikamoo alichuchumaa, akapiga makofi mepesi ya salamu ya Kifipa kama alivyofundishwa na Evodia njiani, na mama akaficha tabasamu.

Kisha Sayi akarusha droni, kile kindege chenye kamera. Chini yake shamba la mama lilijitandaza na intumba zake, vile vilima vya mviringo vinavyopangwa kwa jembe la mkono: majani yanarundikwa, yanafunikwa udongo uliopinduliwa, yanaozea humo na kuwa mbolea ya ulezi. Kutoka juu vilionekana kama shanga zilizomwagwa kwenye mkeka wa kijani. Droni ilipopita juu ya kichwa chake, Mama Albina alipiga goti akaipigia makofi ya salamu.

"Mama, ni mashine hiyo," Evodia alicheka.

"Mashine ina mwenyewe. Wewe utamkuta mgeni juu ya shamba lako usimsalimie?"

Sayi akarudi Dar kuunganisha filamu. Simu zikawa ndefu.

"Umekula?"

"Nimekula picha zako, Evo. Nakutazama mchana kutwa."

"Msukuma mwongo. Sauti yangu iko wapi kwenye filamu? Mwanzo au mwisho?"

"Utaona Jumapili. Sisemi kitu. Keti tu mbele ya televisheni."

Jumapili hiyo, baada ya misa, saluni ilijaa. Mama Albina alikaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, kitambaa kipya kichwani. Bertilla, mwenzake Evodia wa kusuka, alikaa chini na bisi. Wateja, majirani, mpaka muuza viazi wa nje aliingia. Filamu ikaanza. Ukungu wa Mbizi ukafunguka kama pazia na watu wote wakavuta pumzi, kwa sababu ulikuwa mlima wao, huuhuu wanaouona wakianika nguo, na hawakujua kwamba ni mzuri kiasi hicho. Droni ikashuka juu ya Pito. Zikaonekana intumba.

Na ikatoka sauti ya mwanaume. Nzito. Ya kuajiriwa.

"Hapa, juu ya uwanda wa Ufipa, ni nchi ambayo mkono wa binadamu haujawahi kuigusa."

Mama Albina aliangalia mikono yake, viganja vyenye sugu, akaipeleka chini ya kanga.

Evodia alisimama akazima.

"Evo, acha tuone," Bertilla alisema.

"Tuone nini? Nimeshasikia."

Simu ya Sayi iliita palepale. Akaikata. Ikaita tena. Akaifungia namba.

Siku zilizofuata ziliuma kwa namna ya ajabu. Akienda sokoni, wapagazi walimwita, "Subiri kwanza, baba!" Muuza dagaa alimwambia vivyo hivyo huku akicheka. Evodia aliona mji mzima unamkebehi kwa kelele zake za kugombana na televisheni, mwanamke aliyedhani sauti yake itatoka Dar es Salaam. Aliinamisha uso akapita haraka, hakumuuliza mtu. Saluni aliweka tamthilia za wivu, na Bertilla akitaja filamu alimkatiza. Bertilla akajua hali ni mbaya.

Alhamisi asubuhi, mvua imekatika, akiwa katikati ya kichwa cha mteja, mama yake akapiga simu.

"Mwanangu, njoo Pito."

"Kuna nini, mama? Unaumwa?"

"Siumwi. Kuna Msukuma shambani kwangu. Ananipigia intumba. Amepiga moja inafanana na kaburi, nyingine kama ng'ombe aliyelala. Njoo umwondoe kabla majirani hawajapita."

"Mfukuze, mama. Umesahau alichosema juu ya shamba lako?"

"Evodia. Wewe ile filamu uliizima, siyo? Majirani hawakuizima. Njoo."

Alipanda bodaboda na aproni yake ya saluni. Pito ilikuwa inanuka udongo mbichi. Sayi alisimama katikati ya shamba, suruali imekunjwa mpaka magotini, matope mpaka kwenye nyusi, jembe la mkono amelishika kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Kwao wanalima kwa jembe la ng'ombe na matuta yanalala sambamba. Mviringo hakuwahi kuupiga maishani mwake.

"Habari za saluni," alisema.

"Usinisalimie."

"Simu umenifungia. Barabara hukuifunga."

"Ulimleta mwanaume aseme mama yangu hana mikono."

"Nilimleta," Sayi alisema. "Nilimlipa aseme vile. Uliona kilichofuata?"

Sayi alitoa simu kifuani. Jua lilikuwa kali kwenye kioo, hakionekani kitu, ikabidi Mama Albina awarushie kanga yake wajifunike, vichwa viwili chini ya kitambaa kimoja kama watoto wanaocheza.

Ukungu ukafunguka. Intumba zikaja. Sauti nzito ikasema kwamba mkono wa binadamu haujawahi kuigusa nchi hii. Na kabla haijamaliza kujisikia, sauti nyingine ikaikata, ya mwanamke, karibu sana, yenye lafudhi ya nyumbani:

"Subiri kwanza, baba. Hayo ni mashamba. Hilo la kushoto ni la mama yangu."

Yule mwanaume akakohoa. Akajaribu tena, akakatwa tena. Kisha akanyamaza moja kwa moja, na filamu yote iliyobaki ikawa ya Evodia. Alisimulia mbega akiwa ananong'ona, kama siku ile. Alimcheka korongo wa Kalambo alipokosa kutua. Alisema majina ya majani kwa Kifipa. Na mwishoni kabisa, kutoka angani, alionekana mwanamke mdogo kati ya shanga za kijani, amepiga goti, anapiga makofi kuisalimia kamera, na sauti ikasema, "Huyo ni mama. Anakusalimia wewe unayetazama. Mwitikie."

Chini ya kanga palikuwa na joto. Evodia alijifuta uso kwa upindo wa aproni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ushtuke."

"Nilishtuka. Nikazima." Alivuta pumzi. "Maisha yangu yote nimewalaumu wanaotazama pembeni, Nyanda. Ilipofika zamu yangu sikuvumilia hata sentensi ya pili."

"Mji mzima ulivumilia. Hawajakwambia?"

Akakumbuka wapagazi, muuza dagaa, vicheko. Walikuwa wanampongeza. Alianza kucheka akashindwa kuacha.

"Nyie mlioko humo ndani," Mama Albina aliita, "kanga yangu naitaka."

Sayi akatoka kwanza. Alichuchumaa matopeni mbele ya mama, akapiga makofi, na aliongea bila kuinua macho. "Mama, nimekuja mwenyewe kabla ya mshenga, mnisamehe. Baba yangu atapanda kutoka Kaoze. Namwomba Evodia."

"Na ng'ombe wenu?"

"Watabaki bondeni, mama. Nitapanda mimi tu."

Mama Albina aliitazama ile intumba inayofanana na kaburi. "Muulize mwenyewe. Lakini hii irudie. Mkwe wangu hawezi kuniachia aibu hii barabarani."

"Evodia?"

"Subiri kwanza, baba," alisema. Akavua viatu, akaingia matopeni, akamshika Sayi mikono kwenye mpini, juu ya malengelenge. "Majani kwanza. Halafu udongo. Hivi. Ndiyo, nimekubali. Usiache jembe."

Hao wamepatana. Sasa wewe. Mama Albina bado amepiga goti kule juu ya uwanda, makofi yake hayajaitikiwa. Msitu wa Mbizi bado unakatwa mkaa huku wewe ukimlilia dubu wa barafu. Simu iko mkononi mwako. Piga kwenye stesheni unayoitazama, waulize Mbizi wataionyesha lini na kwa sauti ya nani. Wakikwambia nchi hii haina watu, wakatize. Usiseme kesho. Piga sasa hivi.