Begi Lililofungwa Vizuri Mno

Ndugu zangu wa mtaa huu na wa mitaa mingine, nina kisa cha nyumba moja ninayopakana nayo ukuta kwa ukuta. Sikisimulii ili tumcheke mtu, ingawa pengine mtacheka, na mkicheka sitawakataza. Nakisimulia kwa sababu ugonjwa ulioipata nyumba ile ukiutazama kwa nje unafanana na sifa njema, na magonjwa ya namna hiyo huchelewa kutibiwa.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, shule zimefungwa. Mama wa nyumba hiyo, ambaye ni msusi, alikuwa ametandaza nguo kitandani anazikunja huku akiimba chini chini. Binti yake, kifungua mimba, alikuwa akimpa soksi mbili mbili. Mdogo wake wa kiume, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alikuwa ameukalia mpira wake pembeni akiuliza kama ziwa lina mwisho. Kesho yake walikuwa waende likizo, nyumba ya wageni kando ya ziwa, safari ya basi ya kutwa nzima. Watoto wale hawakuwa wamewahi kwenda likizo popote.

Sasa jueni kwamba Kitinda ana pumu. Akipatwa na vumbi au moshi, kifua humbana, mabega humpanda, na pumzi hutoka kama filimbi iliyoziba. Dawa yake ni pampu ndogo inayochomekwa kwenye chupa pana ya plastiki. Mtoto huweka mdomo upande wa pili akaivuta dawa taratibu, maana kwa umri wake hajaweza kuivuta moja kwa moja. Vitu hivyo viwili mama huviweka kwenye mkoba wake, na mkoba ule hauachani na bega lake hata akiwa anasuka wateja.

Baba akaingia kutoka kazini. Yeye hufanya kazi ya kupakia mizigo kwenye makontena, na hodari kweli, hilo simnyimi. Wenzake wamempa jina la Shindilia, na nadhani analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alisimama mlangoni akakitazama kitanda.

"Hii ni safari au mnafungua duka la mitumba?" akauliza.

"Nimeshapanga, baba watoto," mkewe akamjibu. "Hizi za kwenye basi, hizi za kuogelea, hizi za kulalia. Kila mtoto na kibegi chake."

"Vibegi vinne, halafu na mkoba, halafu na mfuko wa chakula. Tukifika stendi watadhani tumehama. Ondokeni hapo, niachieni."

Uimbaji ukaisha. Binti akashuka kitandani bila kuambiwa mara ya pili, kwa sababu katika nyumba ile, baba anapopanga vitu, watu husimama ukutani kama wageni. Ndivyo ilivyokuwa walipohamia, ndivyo ilivyokuwa walipobadilisha kabati. Mama aliwahi kuniambia kwamba hata vyombo vya jikoni vilipangwa na mumewe, na yeye anayevipikia huuliza viko wapi.

Shindilia akaleta mabegi mawili makubwa na mikanda ya kazini. Akaanza kazi, na watoto wakatazama kama wanaotazama mazingaombwe. Nguo alizikunja zikawa nyembamba kama bahasha. Vikombe alivitia ndani ya sufuria, vijiko ndani ya vikombe. Kila kilichokuwa na uwazi kilijazwa. Viatu vilijazwa soksi, kofia ikajazwa chupi. Alipoufikia mpira wa Kitinda, akachomeka kijiti kwenye tundu lake na kuubana kwapani mpaka ukanywea.

"Baba, mpira wangu!"

"Tutaujaza hukohuko. Hatubebi hewa, mwanangu. Kontena halibebi hewa."

Hapo mama akaona mkono wa mumewe unaingia kwenye mkoba wake.

"Hiyo hapana," akasema. "Pampu inakaa kwangu."

"Kwako wapi? Huo mkoba hauendi. Nimesema tunasafiri mikono mitupu, kila mtu ashike mtoto wake."

"Basi nitaishika mkononi."

"Mkononi utaiangusha, tuanze kuitafuta chini ya viti. Niamini mimi. Kitu kikiwa na mahali pake hakipotei."

"Mahali gani?"

"Nitaiweka. Mbona unanihoji kama askari? Au nikuachie upange wewe, tufike ziwani keshokutwa?"

Mama akanyamaza. Jamani, msimlaumu upesi kwa kunyamaza. Mtu akishakatizwa miaka na miaka, hufika mahali anapima kama neno lake lina thamani ya ugomvi utakaofuata, na siku ile watoto walikuwa na furaha. Akajiambia kwamba mumewe, pamoja na makeke yake yote, ataitia pampu mfukoni mwa koti. Baba gani angefanya vingine? Akaenda kuwatengenezea watoto chai.

Mimi nawaambia alichofanya. Begi la pili lilikataa kufungika. Akatoa vitu nusu, akaviingiza upya, akapiga goti juu yake mpaka zipu ikatii. Akalizungushia mkanda, akaukaza, akalipiga kofi kama mtu anayempongeza punda. Alikuwa ameridhika sana. Nilimsikia akicheka upande wa pili wa ukuta.

Asubuhi wakawa wa kwanza stendi. Mpakiaji wa basi alitaka kuyaweka mabegi yao karibu na mlango wa buti la mizigo, lakini Shindilia akamtoa pembeni na kuyasukuma mwenyewe hadi mwisho kabisa.

"Sisi tunashuka mwisho, mizigo yetu inaingia ndani," akamfundisha. "Hujui kazi wewe."

Kijana wa watu akainua mabega, akapakia mizigo ya abiria wengine mbele na juu ya mabegi hayo.

Safari ilianza vizuri. Watoto walihesabu ng'ombe, wakagombania dirisha, wakapatana. Baadaye barabara ikaingia sehemu inayotengenezwa, lami ikaisha, na vumbi jekundu likaingia kupitia kila ufa. Abiria walijifunika leso. Kitinda akakohoa. Akakohoa tena, kisha akaacha kuuliza maswali, na mama anayemjua mwanawe hahitaji dalili nyingine.

"Baba watoto, pampu."

Shindilia hakugeuka.

"Baba watoto, nipe pampu. Mtoto kaanza."

"Iko kwenye begi," akasema.

Mama alimtazama kana kwamba hajawahi kuisikia lugha hiyo. "Begi lipi?"

"La chini."

"Chini wapi? Si koti? Hukuiweka kwenye koti?"

Mabega ya Kitinda yalikuwa yameshapanda. Mama akapiga kelele ambayo dereva aliisikia mbele, na basi likasimama kando ya barabara.

Abiria wote walishuka. Nimesimuliwa na mama, na aliniambia kwamba hakuna aliyenung'unika. Watu wasiowajua walivuta magunia, masanduku, godoro la mtu, jiko la mtu, wakayatupa kwenye majani ili wayafikie yale mabegi mawili ya mwisho. Kondakta aliingia ndani ya buti kwa tumbo. Begi la kwanza likatoka. Shindilia akashika mkanda kuufungua, lakini alikuwa ameukaza kwa nguvu za kazini, haukufunguka. Mzee mmoja akatoa kisu, akaukata. Nguo zikaruka nje. Pampu haikuwemo.

"Iko kwenye hilo jingine," akasema Shindilia. "Nilianza kuiweka humu, halafu... nilibadilisha. Nilibadilisha zipu ilipokataa."

"Uliiweka wapi?" mkewe akamuuliza, mtoto kifuani, midomo ya mtoto ikianza kugeuka rangi. "Niambie uliiweka wapi!"

Yeye aliyejua kila kitu kiko wapi alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi akirusha suruali za watoto kulia na kushoto, na hakujua. Binti ndiye aliyekuwa akifungua kiatu kimoja baada ya kingine huku akilia. Pampu ilikuwa kwenye ncha ya kiatu cha mvua. Ile chupa ya plastiki ilipatikana ndani ya sufuria. Ilikuwa imejazwa soksi zikashindiliwa kwa kipande cha sabuni, na walipoivuta sabuni chupa ikapasuka.

Mama alimpulizia mwanawe pampu mdomoni hivyohivyo. Dawa nyingi iliishia kwenye ulimi. Mtoto hakuweza kuivuta, hakuwa na pumzi ya kuivutia.

"Acheni mizigo!" dereva akapaza sauti. "Pandeni wote!"

Kondakta alibaki peke yake kando ya barabara kulinda mali za watu. Basi lilikimbia kwenye mashimo hadi kituo cha afya cha mji uliofuata, na Shindilia akashuka na mwanawe mikononi kabla magurudumu hayajasimama sawasawa.

Muuguzi alimvalisha Kitinda barakoa ya mashine ya mvuke wa dawa. Mama alishika mguu wa mtoto, maana ndio sehemu pekee aliyoachiwa ashike. Walikaa hivyo muda mrefu, na mabega yakaanza kushuka kidogo kidogo.

"Ana dawa ya kutembea nayo?" muuguzi akauliza.

"Anayo," Shindilia akajibu.

"Ilikuwa wapi?"

"Ndani ya kiatu."

"Kiatu kilikuwa wapi?"

"Ndani ya begi."

"Na begi?"

Muuguzi hakumgombeza. Alikwenda kabatini, akarudi na chupa mpya ya plastiki, akaichomeka pampu na kumwekea mtoto kifuani. Kitinda akaikumbatia kwa mikono yote miwili.

Baba yake akasogea. Mama anasema hajawahi kusikia sauti ya mumewe ikiwa ndogo vile.

"Nipe, mwanangu, nikushikie. Wewe pumzika."

Kitinda akaigeuza ile chupa upande wa ukuta.

"Hapana. Utaificha tena."

"Sikuificha, mwanangu. Niliipanga."

Mtoto alimtazama bila hasira, kama anavyotazama hesabu asiyoielewa. Halafu akanyoosha mkono na kumpa mama yake.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kufunga mizigo ya likizo ni kazi ndogo, lakini ndiyo inayoonyesha nyumba inaendeshwaje. Dawa ya mtoto haina mahali pengine ila mkononi mwa yule anayejua namna ya kuitumia. Nguo za kubadilisha, maji, na kitu cha kutafuna vikae juu, vifikiwe na hata mtoto. Kila mtoto abebe kibegi chake, ajue kilichomo. Na acheni nafasi, kwa sababu nafasi iliyobaki haimdhuru mtu.

Lakini hayo ni ya mabegi, na mimi sikuja kwa ajili ya mabegi. Shindilia hakuwa mlevi, hakuwa mchoyo, hakumpiga mtu. Alikuwa na kosa moja tu: alidhani kwamba kujua kupanga vitu kunampa haki ya kutosikiliza watu. Mkewe alisema neno sahihi katika chumba chake mwenyewe, juu ya mtoto aliyemzaa, na neno hilo halikupata pa kukaa. Nyumba ambayo mmoja huamua na wengine husimama ukutani inaweza kupendeza macho, na siku ya shida hakuna ndani yake anayejua chochote kiko wapi, hata yeye aliyekiweka.

Basi leo jioni, kabla hujapanga lolote, muulize mwenzako yeye angelipanga vipi. Ukishauliza, nyamaza mpaka amalize kusema.